Deni la Salfa

Mwalimu Nahato alichora mnyororo ubaoni,
akaitia S pembeni, akagonga chaki:
huyu ni methionini, mshikeni sana.
Wako tisa ambao mwili haujui kuwazaa,
sharti waje na chakula,
na mmoja akikosekana, wanane hukaa bure.

Tuliwakariri kwa vidole: lusini, lisini, valini...
Kidole cha kumi kilibaki hakina jina,
nikakitumia kufungulia ukurasa.

Likizo nikapanda Newala
na chupa arobaini tupu mkobani
na karatasi za manjano, nyembamba kama majani ya mchaichai.
Shikamoo shangazi. Naomba mkojo wako wa asubuhi.

Shangazi Binasa alicheka hadi akaketi juu ya kinu.
"Miaka miwili Mtwara, ndiyo haya?
Fadhina mwenzio anasomea benki!"
Lakini alinipa,
na akaniitia majirani, mmoja mmoja,
akiwaambia ni dawa ya serikali, wasione haya.

Wa mwisho alikuwa Shaweji, miaka tisa,
aliyekuwa golikipa.
Tangu Februari anakwenda kwa ncha za vidole,
magoti yakisuguana kama wanaogombea njia.
Bibi yake anasema ametupiwa kitu.
Mimi najua jina la kitu hicho,
na kulijua hakukunyoosha mguu wake hata inchi.

Maana muhogo mchungu una sumu,
na mwili si mjinga:
huingia ghalani, huchota salfa,
huifunga sumu hiyo ikawa tiosianati,
kisha huitoa nje na mkojo, salama.
Salama, kama ghala lina kitu.
Kama halina, mwili hubomoa ukuta
upate tofali la kuzibia mlango.
Nywele ni ukuta. Misuli ni ukuta.
Mtoto anayekua ni nyumba nzima isiyoezekwa.

Basi nikasema nilivyofundishwa:
Shangazi, loweka siku tatu, mwaga maji, anika.

"Maji gani?"

Nilisahau. Mimi, mzaliwa wa hapa juu,
nilisahau, kwa miaka miwili ya bomba la bweni,
kwamba mtoni ni kule chini ya genge
na ndoo hupanda kwa kichwa au kwa pikipiki,
na ya pikipiki, wiki ile, ilikuwa ndoo moja kwa kisado cha mbaazi.

"Nipigie hesabu, msomi," alisema, bila hasira.
"Niuze mbaazi ninunue maji, nile muhogo mtupu uliolowekwa?
Au nile mbaazi
na muhogo wenye hiyo sumu yako?"

Nilitoa kalamu. Nilipiga kweli:
gramu, idadi ya walaji, siku za kiangazi.
Na kitabu kinasema mbaazi ni tajiri wa lisini,
fukara wa methionini.
Hilo sikumwambia.

Siku ya saba nilijipima mwenyewe.
Nilikuwa nimekula chunguni mwake, na kusifia.
Karatasi ya manjano ilikaa juu ya chupa usiku kucha;
alfajiri ilikuwa rangi ya chai ya rangi.
Niliiweka kwenye mstari na nyingine, bila jina, namba arobaini,
na sikuweza kuitambua.

Fomu ilikuwa na safu ya "chanzo".
Kote niliandika: ndoo.
Nahato ataikata kwa wino mwekundu,
atauliza ndoo ni kirutubisho cha kundi gani.

Asubuhi ya kuondoka, kisado kilikuwa mlangoni,
kimejaa mbaazi, kimefunikwa kipande cha kanga.
Shaweji ameegemea nguzo, anazidokoa mbichi,
moja, moja, akitazama kama shangazi anaona.
Shangazi anaona. Amegeuka kupepeta unga.
Pikipiki ilisikika ikipanda kona ya mwisho,
na sikuuliza mbaazi zinakwenda wapi.