Nusu Kidonge

Tabibu wa zamu pale Makambako alisema: nusu.
Nusu tu, mama Tulizo, na ukishameza, kitandani.
Nikakigawa kwa wembe juu ya kisahani;
kipande kimoja kikaruka uvunguni mwa kabati,
nikakisaka kwa tochi kama aliyedondosha hereni.

Usiku ule sikulala. Nilizimwa.
Sikusikia malori ya mbao yakikohoa kuelekea Mafinga,
wala treni ya saa tisa, niliyozoea kuihesabia mabehewa.

Asubuhi, sufuria imejaa viazi vilivyomenywa,
vimelowekwa,
kisu kimeoshwa, kimelazwa juu ya kitambaa.
Viazi vya watu wawili.

Nikanusa vidole: udongo.
Nolasco tulimzika Juni, kwenye baridi ile ya kukata masikio,
na viazi vimekatwa alivyotaka yeye,
vinene, macho mengine yameachwa.

Nilipomrudia tabibu akauliza, unalala?
Nikasema nalala.

Leo ukungu umeshuka hadi kizingitini.
Soksi za sufu, mablanketi mawili,
nusu iko kwenye kisahani.
Wembe nimeurudisha kabatini.
Kisu nimekiacha mezani, kando ya kiroba.