Utando

Cheboi aliniambia nivue saa na pete.
Mwamba wa humu, alisema, unakwaruza
kama paka asiyekujua.
Tulikuwa watatu tu: yeye, mimi, na tochi
iliyozimika kila nilipoihitaji.

Nyuma yetu Nakuru ilimeremeta mabati yake,
ziwa limefurika hadi kwenye miti iliyokufa wima,
na sakafuni mwa kasoko mvuke wa visima
ulining'inia, mweupe,
kama shuka aliyosahau mtu kuianua.

Halafu tukainama.

Nilikuja kutafuta Agosti.
Kila Agosti mama yangu, Khasandi, muuza mitumba ya watoto,
alifunga kibanda chake pale Kaptembwa,
akatuachia unga, mafuta, shilingi mia mbili chini ya sahani,
akapotea siku tatu.
"Naenda kazi," alisema.
Akarudi midomo imepasuka, magoti meusi,
nguo zikinuka kiberiti,
nikadhani amejifunza kuvuta sigara.
Sikuuliza. Nyumbani kwetu maswali yalikuwa sukari:
yalipimwa kwa kijiko,
na kijiko alikaa nacho yeye.

Baada ya mazishi kaka yangu Wabwile alisema,
macho yake yakiwa ndani ya chai,
"Alikuwa anakwenda Menengai. Pangoni. Kukuombea."
Nani?
"Wewe."
Nilikumbuka mwaka mmoja tu nilioharibika.
Yeye alikuwa amehesabu tisa.

Ndani, dari lina mikunjo kama kaakaa la ng'ombe.
Cheboi akabandika kiganja ukutani.
"Umeona uji ukipoa? Juu hushika utando.
Chini bado unachoma, bado unakwenda.
Basi moto ulipita hapa hivyo hivyo:
ngozi ikawa jiwe kwanza,
matumbo yakaendelea na safari,
na huko ulikotoka ulipokauka
ukabaki huu mkono wa koti, mtupu."
Ulikwenda wapi?
"Chini. Ndio huo siku hizi unatuwashia taa."

Nilitafuta.
Nta ya mishumaa, tabaka juu ya tabaka.
Vipande vya godoro. Kandambili moja, ya kushoto.
Na kwenye nyufa, vikaratasi vilivyokunjwa kama vya kura:
Mungu, kesi ya shamba.
Mungu, figo.
Mungu, Damari asirudi kwake tena.
Nilifunua vinne, nikaona haya,
viwili nikavirudisha mahali pasipo pake.
Hakuna mwandiko wa mama.
Mama hakuwa na mwandiko,
alikuwa na dole gumba.

Kwenye pembe ya mwisho, panapopitwa kwa kutambaa,
mwanamke alikuwa ameketi juu ya gunia,
simu yake imezimwa, imelazwa juu ya Biblia.
Siku ya pili, alisema, ingawa sikumuuliza.
Nikampa chupa yangu ya maji.
Hakunywa. Alinawa uso polepole,
kama anayemwosha mtu mwingine,
akanirudishia chupa ikiwa nusu.
"Nawe nawa. Una masizi hapo shavuni."

Nikanawa. Tone likaingia mdomoni, lina chumvi.
Ukuta nilioegemea ulikuwa vuguvugu,
ama ni mgongo wangu,
sikuweza kujua ni nani anampasha mwenzake.

Nje, pimbi alitutazama kutoka kwenye leleshwa
kama mwenye nyumba anayengoja wageni waondoke.
Cheboi alihesabu pesa zake mara mbili.
Alinionyesha kidole: pale umekwaruzwa.
Kweli. Sikuwa nimehisi.

Jioni, mlangoni, binti yangu akanikumbatia,
akanusa shati, akakunja pua.
"Baba, umeanza kuvuta sigara?"

Nilifungua mdomo niseme nilikuwa kazini.
Magoti yangu yalikuwa mbele yake,
meusi, yote mawili.