Safu ya Utekelezaji

Mkakati ulifika Alhamisi kwa bodaboda,
kurasa themanini na nne ndani ya bahasha ya kaki,
umelowa pembeni kwa mvua ya Manyovu.
Dereva akadai elfu tatu. Nikalipa mimi,
mtendaji wa kijiji, kwa hela ya chumvi.

Nikausoma usiku, koroboi ikikohoa moshi.
"Wadau wa ngazi ya msingi
watabaini viashiria kwa wakati."
Nikahesabu wadau: mimi.
Buchumi wa mgambo, ambaye buti lake la kushoto tu ndilo halivuji.
Mbwa wa shule, anayebwekea sare, si wageni.
Na bikoni ya mpaka, imesimama katikati ya maharage ya Bi Ntakije.
Yeye hupalilia nchi mbili kwa jembe moja,
na akipiga chafya huku,
wanaomwitikia "Afya!" ni shemeji zake kule.

Ukurasa wa thelathini na moja: mawasiliano ya haraka.
Simu yangu, nikiishika mlangoni pa ofisi,
hunikaribisha Burundi
na kunikata salio kwa adabu.
Kuipata nchi yangu hewani
ni kupanda Kilima Ruhuma dakika arobaini.
Mnara wa kwetu hauoni bondeni.

Sikuusubiri ukurasa wa semina.
Nilikwenda kwa Nyamwiza, muoka mikate,
nikasema naye Kiha, maana Kiswahili cha waraka
kilikuwa kimevaa viatu:
"Ukiona jambo halikai sawa, niambie."
Akanitazama. "Jambo gani?"
Sikujua. Waraka nao haukusema.

Siku ya tisa alikuja, unga bado mikononi.
"Nyumba ya marehemu Sebabili kapanga mtu mmoja.
Mtaratibu, salamu zake nzuri.
Kila asubuhi mikate ishirini."

Ishirini.
Huenda analisha vibarua wa kahawa.
Huenda ni watu waliokimbia, wanaogopa kuandikwa daftarini.
Huenda ndicho kile ambacho waraka hukiita kwa jina refu.
Kulala na "huenda" tatu ni kulala na siafu.

Tukapanda, mimi na Buchumi,
maji yakishuka kwa njia ileile tuliyopandia,
tochi moja, betri zimeshaanikwa juani mara ya tatu.
Kileleni kijiti kimoja cha mtandao kikaja,
kikaenda, kikarudi.
Sauti ya wilayani: "Mna uhakika?"
"Hatuna. Ndiyo maana tunapiga."
Kimya. Kisha:
"Hiyo iko ukurasa wa ngapi?"

Gari lilifika siku ya tatu.
Nyumba imefagiwa hadi kwenye nyufa,
kodi ya mwezi mzima iko chini ya figa.
Afisa kijana akalipiga picha figa.
Walituogopa wakaondoka, au kazi yao ilikwisha,
au walikuwa watu tu, na njaa yao, na njia yao.
Hata leo sijui.
Nyamwiza hakuniuliza hilo. Aliuliza:
"Sasa nihesabu, au niuze?"

Mwisho wa mwezi ikaja fomu, safu tatu:
Lengo. Kiashiria. Utekelezaji.
Mbili za kwanza zimeshachapwa hukohuko.
Ya tatu tupu, nyeupe kama kibao cha Nyamwiza
kabla hajakanda.
Nikaandika kwa kalamu:
Kilima kimepandwa.
Simu imepigwa, salio letu.
Mikate imehesabiwa na aliyeioka.
Walaji hatukuwaona.

Dirishani Bi Ntakije akapita, jembe begani.
Ametoka upande gani, sikumuuliza.
Nilimwona. Naye alijua nimemwona.
Akaacha mlangoni fungu la maharage mabichi, akaenda zake.

Nikarudi kwenye fomu. Pale chini, penye Maombi:
betri mbili.
Halafu nikaongeza, kwa herufi ndogo,
buti la kulia, namba tisa.