Anasema

Miaka ishirini na sita nimesimama
kati ya kizimba na meza ya hakimu, mahakama ya Webuye,
nikipokea maneno kwa Kibukusu huku
na kuyamwaga kwa Kiswahili kule,
kama mtu anayehamisha maji kwa viganja:
yanayofika, yamefika.

Wakili Amalemba alikuja na tai nyekundu,
Kiswahili chake kimepigwa pasi hadi kinang'aa.
Kesi ya ng'ombe. Akamkazia macho Mama Namaemba:
"Ng'ombe huyu umemjua tangu lini?"
"Tangu alipozaliwa, mikononi mwangu."
"Na yeye amekujua wewe tangu lini?"
Nikatafsiri. Kazi ni kazi.
Mama akageukia dirisha, ambako kielelezo namba moja
kilifungwa kwenye mlingoti wa bendera,
kikitafuna nyasi za serikali.
"Mwulizeni. Mimi sijui ya moyoni mwake."

Na alipoulizwa mwizi alikuwa umbali gani:
"Kama hapa na pale."
"Pale wapi?"
"Pale alipokuwa."
Hakimu Jerotich akaandika, akafuta, akaandika.
Mimi nilisema: karibu.
Mungu anisamehe kama ilikuwa mbali.

Ni Amalemba huyu huyu aliyemtetea kijana wa kuku,
akapaza sauti ikazishinda tarakta za miwa barabarani:
"Mheshimiwa, mteja wangu hakumwiba kuku yule,
na ameniahidi mwenyewe kwamba hatarudia!"
Kijana akaitikia kwa kichwa.
Miezi mitatu.

Halafu Khaoya, wa chang'aa.
Nilimweleza: una haki ya kunyamaza.
Maishani mwake hakuna aliyewahi kumpa haki yoyote;
hii aliikumbatia nzima nzima.
Jina lako? Kimya.
Kijiji? Kimya.
Mashahidi wakakosekana, hakimu akasema, "Uko huru, nenda,"
naye ameketi tu, anaila haki yake polepole,
mpaka mfagiaji akamwomba ainue miguu.

Msidhani ni kortini tu.
Chifu Wepukhulu, bingwa wa vipaza sauti,
siku ya harambee ya bweni la wasichana,
alikusudia kusema *waliofadhili*.
"Simameni tuwapigie makofi
wote waliofariki kwa ajili ya bweni hili!"
Viti vya mbele vikatazamana.
Mwenye duka la simenti, aliyekuwa ameshainuka nusu,
akajipapasa kifua, akarudi chini,
na ahadi yake ya mifuko arobaini ikaketi naye.

Na yule mgombea udiwani, matangani kwa jirani yetu,
alilia kidogo, akajifuta, akatangaza:
"Ndugu zangu, nimekuja kuwafilisi."
*Kuwafariji*, dereva wake alimnong'oneza.
Amechelewa. Watu walikuwa wameshapiga makofi:
tangu uhuru, hakuna aliyesema kweli mapema hivyo.

Nilicheka, mimi. Nilicheka hadi usiku, kitandani,
Nafuna akinipiga kiwiko: "Lala,
ulimi hauna mfupa, hata wako."

Mwezi uliopita nilistaafu.
Keki, soda, saa ya ukutani inayokwenda mbele dakika nne.
Hakimu akasema, leo mkalimani azungumze mwenyewe.
Nikasimama. Nikageuza shingo kushoto kama kawaida,
nikingoja mtu aanze.
Hapakuwa na mtu.
Mvua ya saa tisa ilikuwa imeanza kupiga mabati,
koo likanikaba, na nilichosikia kikitoka ni hiki:

"Mheshimiwa, anasema anashukuru sana.
Anasema hajui kesho asubuhi aiweke wapi mikono yake."

"Nani anasema?" akauliza Amalemba,
kalamu mkononi, mtu asiyejifunza.

Nikajionyesha kwa kidole.
"Huyu."

Kule nyuma Nafuna alicheka
mpaka soda ikamtokea puani.