Mashine ya Chama

Tandahimba, Oktoba, korosho zimeshapimwa,
na kompyuta ya chama cha msingi inaganda.
Haizimiki, haifi. Inaganda tu,
kishale kimesimama juu ya jina la Bi Asumini Nantanga
kama inzi aliyenasa kwenye uji,
na redio niliyoifungulia humo humo
inang'ang'ania silabi moja: ta-ta-ta-ta.
Sekunde nne.
Kisha inaendelea, kama mtu aliyekukatiza
na hana habari ya kuomba radhi.

Dirishani hawaamini.
"Kila msimu," anasema Bi Asumini,
"zamu yangu ikifika, mashine inapata homa."

Nilikwishafuta picha za harusi ya katibu,
nikanunua kumbukumbu ya ziada kwa fedha yangu,
nikaipepea kwa jalada la daftari la mizani.
Ikaganda vilevile.

Jumamosi nikaipeleka Newala, kwa Somoe Chilemba,
nyuma ya duka la saruji.
Hakushika bisibisi. Aliwasha kijiprogramu
chenye nguzo za kijani zinazotembea,
fupi, fupi, fupi, fupi,
kisha moja nyekundu ikagonga dari.
"Umemwona? Dereva huyo."
Nikacheka: dereva gani, mimi nina baiskeli.
Yeye hakucheka.

"Humu ndani kila kifaa kina dereva wake,
wa sauti, wa kioo, wa mtandao.
Wote wanapiga hodi kwa prosesa,
kila mmoja anaomba punje ya muda,
ndogo hata kope haiwahi kushuka.
Mwenye adabu husema lake akaondoka.
Huyu akifunguliwa mlango anakaa kitako,
anaagiza na chai.
Foleni yote inasimama nyuma yake,
na kidole chako kimo kwenye foleni."

Tukawazima mmoja mmoja.
Sauti: nguzo bado nyekundu.
Kamera: bado.
Betri: bado. Adhana ya adhuhuri ikapita.
Mtandao usio na waya —
nguzo zikalala chini kama nyasi zilizofyekwa.

Alikuwa mgeni, kaletwa na sasisho la Agosti,
usiku, bila mtu kuulizwa.
Somoe akamtoa, akamrudisha yule wa zamani,
wa miaka mitatu nyuma, mzito wa sura
lakini anayejua kupisha.
"Elfu kumi na tano. Na usikubali kila unacholetewa."

Jumatatu niko dirishani.
Naandika Nantanga, na kabla sijanyanyua kidole
mashine imeshajibu, haina kigugumizi:
kilo mia nne kumi na mbili.
Zimepokelewa ghalani.
Malipo: hayajaingia.

Bi Asumini ananitazama.
Naigonga meza kidogo, kwa mazoea,
nasubiri igande.