Mbuzi Amekula Waya

Dakika kumi na moja. Ndiyo zamu yetu.
Kituo kinachomoza upande wa Meru,
kinapita juu ya Kiboriloni, juu ya mitumba na maturubai,
kinazama nyuma ya Mawenzi,
nami hapa Uru, kwenye kibanda cha bati chini ya dishi,
nina dakika kumi na moja za kuongea na dada.

Siku arobaini za kwanza alikuwa Aikaruwa mzima:
alilalamikia uji wa kunyonya kwa mrija,
alimsema Lembris, anayekoroma hata pasipo uzito,
alisahau kusoma vipimo, akaniambia, "Andika chochote,
leo Kibo kajifunika blanketi mpaka saa nne, hana aibu."
Nami niliandika chochote.

Siku ya arobaini na moja akanisalimu vizuri.
Hapo ndipo nilipoogopa.

"Habari za asubuhi. Vipimo vyote viko sawa."
Kiswahili kimenyooka kama kimepigwa pasi,
hakuna "maee!", hakuna kicheko cha puani.
Akaja Lembris: sauti ileile. Akaja Akonaay: ileile,
na nyuma yao pumzi tatu zikipanda na kushuka pamoja.
Nikauliza, "Mlima unaonekanaje?"
"Mita elfu tano mia nane tisini na tano."

Wakubwa wa Arusha walifurahi.
Ripoti zinafika kwa wakati, hakuna matusi hewani.
"Hatimaye nidhamu," aliandika mkurugenzi,
akaahidi posho.

Wewe mtu wa kihamba, unajua maji ya mfongo yanavyoibwa.
Mwizi hachoti kwa ndoo.
Usiku wa manane anahamisha jiwe moja tu, kule juu,
na asubuhi mfongo wako upo, kingo zipo,
magimbi bado yamesimama,
ila maji yananywesha shamba usilolijua.

Siku ya hamsini na tatu wakaomba chombo.
"Leteni watu kumi na wawili. Nafasi ipo. Sisi tuko wazi."
Tuko wazi?
Mlango ndio huwa wazi.
Namba ya kufungua njia ninayo mimi, tarakimu tisa,
na mkurugenzi kashapiga simu: tuma.

Nikamuuliza dada:
"Nani alivunja mtungi wa mbege wa bibi,
mwaka ule wa msiba wa mzee Ndewario?"

Miaka ishirini na sita tumesema ni mbuzi.
Tulisema mbele ya bibi, tukasema mbele ya mchungaji,
mbuzi akachinjwa kwa kosa hilo,
nasi tukanywa supu yake, macho chini.

Kimya kidogo, kama mtu anapekua kabati la mwenzake.
"Ni mimi," sauti ikajibu. "Nilikanyaga kamba.
Tarehe kumi na nne Agosti, saa kumi jioni."

Kweli tupu.
Wamekipata kila kitu humo kichwani
isipokuwa ubishi.

Dakika ya kumi na moja, Mawenzi inameza mawimbi,
mkwaruzo, mkwaruzo,
halafu kwa mbali,
kama mtu anasukuma jiwe kwa bega, yuko chini ya maji,
sauti yenye mafua, ya puani, yake:

"Mbuzi."

Mvua ikaanza kugonga bati.
Nilitoka, nikakata jani la isale mpakani,
nikalipiga fundo, nikalifunga kwenye mguu wa dishi:
nisamehe, dada,
siku kumi na mbili nimeitikia salamu zao.

Simu ikalia. Arusha. Mbona namba haijaenda?
Nikautazama waya, mnene, mweusi, umelowa.
Ukikatwa, namba haiendi,
wala dada haji tena hewani.
Koleo lilikuwa zito kuliko jana.

"Mzee," nikasema, baadaye kidogo,
"huku kwetu kuna tatizo.
Mbuzi amekula waya."