Diski ya Nne

Mara ya kwanza Nthenya aliirudisha
ndani ya karatasi ya mkate.
"Kwako inacheza," akasema, "kwetu inasoma tu,
inasoma, inasoma, kama mtoto wa darasa la nane."
Nikaigeuza mgongo kwenye taa:
zambarau, safi, haina mkwaruzo.
Kosa lilikuwa langu. Zipo diski za kujumlisha
na zipo za kutoa,
na deki kuukuu haikufunzwa kujumlisha.
Nikamchomea ya kutoa, bila malipo,
huku Luthuli nzima ikipigiana kelele,
spika ya duka hili ikiitukana ya lile.

Ya pili ilifunguka. Ikakwama dakika ya kumi na moja,
pale mkurugenzi anapoinua saa ya ukutani
kumkabidhi Mzee Musembi
kwa miaka yake thelathini na minne ya reli:
saa hewani, mikono hewani,
uso wa mzee miraba miraba.
Nilichoma kwa kasi ya kumi na sita.
Muulize mchoma mahindi wa pale kona:
moto mkali, nje makaa, ndani maziwa.
Nikashusha hadi nne, nikaenda kunywa chai.

Ya tatu niliipa menyu.
Sina mengi ya kujivunia, lakini menyu ile!
Garimoshi nyuma, limefifishwa kidogo,
vitufe vitatu, Hotuba, Zawadi, Ngoma,
na kimshale cha dhahabu kinachosubiri amri.
Niliijaribu kwenye deki tano za majirani;
ilikubali hata kwa Abdinoor,
ambaye deki yake haijawahi kukubali kitu ila umeme.

Jumapili simu ikalia.
"Imefika kwenye picha ya garimoshi.
Imesimama hapo tangu tutoke ibadani."

Basi nikaenda Makongeni mwenyewe
na mkoba wa nyaya, na ubishi wangu.
Mzee alikuwa kitini. Upande wa kulia
umelala tangu Machi, na ulimi umelala nao.
Rimoti imefungwa mpira mkononi, mkono wa kushoto,
na kidole gumba kinafikia kitufe kimoja,
kile chekundu cha kuwasha.
"Ukimbonyezea," mama akaninong'oneza,
"anageuza uso."

Miezi miwili nimezihoji mashine.
Mfumo gani, kasi gani, diski ya nani.
Sikuuliza hata siku moja
rimoti itashikwa na nani.

Usiku ule nikaifuta menyu.
Garimoshi, vitufe, kimshale cha dhahabu:
kufuta kulichukua muda mfupi
kuliko nilivyotafuta kivuli cha zile herufi.

Ya nne haina mlango. Ukiiwasha, uko ndani.
Kidole gumba kikatembea, kikafika, kikabonyeza,
deki ikakohoa, ikazunguka,
na sauti ikajaa chumba, nene, ya mtu mwenye haraka:
"Haloo. Haloo. Mnanisikia huko nyuma?"
Midomo kitini ikaifuata, bila sauti,
neno kwa neno, ikichelewa kidogo.
Mama, jikoni, hakugeuka.
"Tunakusikia," akasema, akaendelea kukata sukuma.

Mzee akazima.
Akawasha.